Kununua batiki Beringharjo: geuza kitambaa kwanza

Ukiingia soko la Beringharjo mjini Yogyakarta, kisiwani Java, Indonesia, kwa lango la magharibi, batiki zinakupokea kulia na kushoto, na mkono unakimbilia pochi. Uzuie kwanza. Mimi ni fundi cherehani, na kitambaa cha kwanza nilichonunua Java niliambiwa kimechorwa kwa mkono. Nilipokitandaza mezani nikikate, nyuma kilikuwa kimepauka. Chapa ya kiwandani! Iliniuma sana.

Basi kabla ya kuuliza bei, geuza. Batiki tulis, ile ya mkono, huchorwa kwa nta ya moto kwa kutumia canting, kalamu yenye mdomo mwembamba wa shaba, kisha kitambaa kizima huchovywa, ndiyo maana rangi yake hutokea pande zote mbili. Halafu chagua ua moja, umtafute mwenzake. Yasilingane kabisa: jani limepinda kidogo, nukta imenenepa pale nta ilipodondoka. Hapo ndipo unapolipia. Batiki cap, ya mhuri wa shaba, nayo hupenya, ila pambo hujirudia vilevile na ukikaza macho utaona mihuri ilipokutana. Naipenda kwa mashati. Isiuzwe tu kwa bei ya tulis.

Kisha uliza kitambaa kimetoka mji gani. Kahawia ya soga, rangi ya magome ya mti, na buluu nzito ni za Yogyakarta na Solo, miji ya makasri, ambako parang, ile michirizi ya mshazari, zamani ilikuwa haramu kwa mtu wa kawaida. Pwani ya kaskazini, meli zilikotia nanga, mambo yalichanganyika: mawingu ya Cirebon yana asili ya China, mashada ya maua ya Pekalongan yalifuata ladha ya Waholanzi, na pambo liitwalo jlamprang liliiga hariri ya patola kutoka India. Ukibahatika kuona tiga negeri ya zamani, yaani “nchi tatu”, ishike kwa mikono miwili. Kwa desturi nyekundu yake ilitiwa Lasem na mafundi wa Kichina, buluu Pekalongan, kahawia Solo. Nguo moja, safari tatu.

Nenda asubuhi. Salimia, useme “Pinten, Bu?”, yaani bei gani, mama. Mnunuzi wa kwanza ni penglaris, mfungua biashara, na mama muuza hulegeza bei kwa ajili yake. Ukishampa rupia zako, mtazame akizigusisha kwenye vitambaa vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, ili navyo vipate wenyewe.