Namna ya Kumchunguza Furu Mmoja kwa Makazi, Tabia na Vinasaba Vyake

Katika miamba ya Ghuba ya Mwanza, kusini mwa Ziwa Victoria, wanaishi furu, yaani samaki wadogo wa ziwani, wa aina mbili wanaofanana sana kwa umbo. Mmoja anaitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia, na dume lake ni la buluu. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, na dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Majike wa spishi zote mbili wana rangi hafifu, na hata mtu mwenye uzoefu huwakosea. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba pale maji yanapokuwa maangavu spishi hizi hubaki tofauti bila kuchanganyika, kwa sababu jike humchagua dume kwa rangi yake, ilhali pale maji yanapokuwa na tope rangi hazionekani vizuri, uchaguzi unalegea na samaki wanachanganyika. Nitawatumia furu hawa kueleza hatua za kazi, kwa kuwa hakuna mfano ninaoufahamu unaoonyesha wazi zaidi kwamba ikolojia, tabia na vinasaba vya samaki haviwezi kuchunguzwa kila kimoja peke yake.

Kanuni inayobeba kazi yote ni kwamba kila samaki apewe namba yake moja tangu anapotoka majini, na namba hiyo ionekane kwenye daftari la kina na mwanga, kwenye picha yake, kwenye kichupa cha kipande cha pezi na kwenye kumbukumbu ya majaribio ya tabia. Samaki aliyepoteza namba hiyo hafai tena kwa utafiti wa aina hii, hata kama vinasaba vyake vimesomwa kwa mashine ya gharama kubwa.

Kabla ya kuingia ziwani, pata kibali cha utafiti kutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), wasiliana na Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), ambayo ina kituo Mwanza, na ikiwa sampuli zitasafirishwa nje ya nchi, shughulikia ruhusa hiyo mapema badala ya kungoja zikiwa tayari kwenye barafu. Jitambulishe pia mwaloni kwa viongozi wa usimamizi wa uvuvi na kwa wavuvi wenyewe. Hili si suala la adabu peke yake, kwani wavuvi wanajua mwamba upi unashuka taratibu na upi unaporomoka ghafla, na jinsi mwamba unavyoshuka ni sehemu ya swali lenyewe. Katika kisiwa cha Makobe mteremko ni wa taratibu na maji ni maangavu, kwa hiyo samaki wa buluu hukaa karibu na uso na mwekundu hukaa chini zaidi. Luanso, ndani ya ghuba, maji yana tope jingi, na huko hawapatikani samaki wa makundi mawili bali kundi moja lenye rangi za kila namna.

Ukifika kwenye kituo chako, yaani mahali pa kuchukulia sampuli, anza na mwanga. Sahani ya Secchi, ambayo ni kisahani chenye robo nyeusi na nyeupe kilichofungwa kwenye kamba yenye alama, inatosha kwa kuanzia. Ishushe upande wa kivuli wa mtumbwi, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, andika kina inapopotea machoni, ivute juu hadi ionekane tena, kisha tafuta wastani wa vipimo hivyo viwili. Rudia mara tatu na mtu yule yule awe ndiye msomaji. Mwenye uwezo wa kupata kipima-mwanga cha chini ya maji apime pia rangi ya mwanga katika kila kina, kwa sababu katika maji yenye chembechembe nyingi mwanga wa buluu hufyonzwa haraka na unaobaki chini huelekea kwenye rangi ya machungwa na nyekundu.

Kwa uvuaji, tumia nyavu za makila zenye matundu madogo zilizotegwa kwenye kina kinachojulikana, au ndoana ndogo pale unapohitaji samaki hai wasio na majeraha. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutandaza wavu mmoja kutoka juu hadi chini ya mteremko na kuandika wastani wa kina, jambo linalofuta tofauti ile ile iliyokuja kutafutwa. Tega kila wavu sambamba na ufuo, katika kina kimoja, na upime kina hicho kwenye ncha zake zote mbili. Kumbuka kwamba furu hawezi kutoa haraka hewa iliyomo katika kibofu chake. Aliyetoka chini apandishwe polepole, la sivyo kibofu kitavimba na samaki atakufa. Kwa hesabu za vinasaba, lenga samaki 25 hadi 30 kwa kila kundi katika kila kituo, na usichague wale wenye rangi safi peke yao, kwa maana wenye rangi za kati ndio wanaoweza kuwa chotara.

Rangi ya dume hubadilika ndani ya dakika chache baada ya kushikwa, na baada ya kifo haiaminiki kabisa. Kwa hiyo mpige picha akiwa hai, ndani ya kisanduku chembamba cha kioo chenye maji, ubavu wa kushoto ukielekea kamera, pamoja na rula, kadi ya rangi na namba yake. Ili atulie, mafuta ya karafuu yanafaa sana, lakini hayachanganyiki na maji moja kwa moja. Yayeyushe kwanza katika ethanoli, sehemu 1 ya mafuta kwa 9 za ethanoli, kisha tia kidogo kidogo kwenye ndoo ukiangalia mwendo wa matamvua. Mwendo huo ukipungua mno, mhamishe samaki mara moja kwenye maji safi yenye hewa.

Baada ya picha, kata kipande cha pezi la kifuani chenye ukubwa usiozidi punje ya mchele na ukitie kwenye kichupa chenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Ethanoli iwe nyingi, angalau mara kumi ya ujazo wa kipande, na ibadilishwe siku inayofuata, kwa sababu maji yanayotoka kwenye nyama huipunguza nguvu. Kati ya samaki mmoja na mwingine, safisha mkasi na kibano kwa dawa ya klorini, suuza kwa maji safi na kausha. Namba iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu kinachoingia ndani ya kichupa. Katika safari yangu ya kwanza niliandika namba juu ya vifuniko kwa kalamu ya wino. Ethanoli ilivuja kidogo njiani, wino ukayeyuka, na kazi ya siku nne ikabaki vichupa visivyo na majina. Samaki anayehifadhiwa mzima kwa ajili ya vipimo vya umbo huingizwa kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, baada tu ya pezi lake kukatwa, kwa kuwa fomalini huharibu vinasaba.

Majaribio ya tabia yanahitaji subira kuliko vifaa. Weka madume wawili, wa buluu na mwekundu, wenye urefu unaolingana, katika pande mbili za tangi zilizotenganishwa, kila mmoja na pango lake, kisha mwache jike mwenye mayai yaliyokomaa aogelee katikati. Dume humwonyesha jike ubavu wake, hutetemesha mwili, kisha huogelea kuelekea pangoni kama anayemwongoza; hesabu ni mara ngapi jike anaitikia kila hatua, kwani kukaa tu karibu na dume hakuonyeshi kwamba amemchagua. Badilisha pande za madume kila jaribio, mjaribu jike mmoja mara kadhaa, na ikiwezekana anayehesabu asijue jike ametoka kituo gani. Kisha rudia majaribio yote chini ya mwanga wa machungwa unaofuta tofauti ya rangi. Seehausen na mtafiti mwenzake van Alphen walipofanya hivyo, majike waliacha kubagua, na hapo ndipo ilipothibitika kwamba macho yao yalikuwa yakifuata rangi.

Jike wa furu hawa huatamia mayai mdomoni, nawe unaweza kunufaika na hali hiyo: ukimkamata ziwani akiwa na makinda, chukua kipande cha pezi lake na makinda machache, na vinasaba vitakuambia baba alikuwa wa kundi gani.

Maabarani, kila unapotoa vinasaba, weka kichupa kimoja kisicho na nyama ndani yake, ili ukiona matokeo humo ujue kuna uchafu ulioingia. Jeni ya kwanza ya kusoma kwa furu hawa ni ile ya opsini, protini ya jicho, inayopokea mwanga wa mawimbi marefu, yaani unaoelekea kwenye nyekundu, kwa kuwa katika maji maangavu samaki mwekundu wa kina kirefu ana aina yake inayoelekea zaidi kwenye nyekundu. Hata hivyo jeni moja haitoshi kueleza nasaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba samaki wekundu na wa buluu wa visiwa vya Python, vilivyomo katika Ghuba ya Mwanza, ambao kwa macho ni kama wale wa Makobe, walitokana na mchanganyiko wa spishi hizo mbili uliogawanyika upya kuwa jozi nyingine. Kwa sababu hiyo soma sehemu nyingi za jenomu, yaani vinasaba vyote vya samaki, kisha panga jedwali moja ambalo kila mstari ni samaki mmoja: namba, kituo, kina, mwanga, alama ya rangi kutoka kwenye picha, chaguo lake ikiwa alijaribiwa, na nasaba yake. Utakapokuta dume jekundu lenye vinasaba vya kundi la buluu, fungua kwanza picha yake, soma karatasi iliyomo ndani ya kichupa, toa vinasaba upya kutoka kwenye kipande kilichobaki, na ukipata jibu lile lile mara ya pili, ndipo umwandike kuwa chotara.