Modeli ya DNA ya katoni: anza na nyukliotaidi moja kwanza

Kama mtoto amekuja saa tatu usiku ati kesho ticha wa bayo anataka modeli ya DNA, tulia, hakuna haja ya kwenda tao. Omba katoni kwa duka hapo chini, tafuta makasi, gundi, waya na njiti za kiberiti.

Usianze na ngazi, yaani lile umbo zima la DNA: waya mbili za pembeni na besi kama vidato katikati. Watu wanakunja waya mbili wanabandika marangi, halafu ukiuliza nyukliotaidi iko wapi hakuna anayejua. Tengeneza moja kwanza, ndio kipande kimoja cha mnyororo wa DNA, ni vitu vitatu tu: sukari, fosfeti na besi. Fosfeti kata kaduara. Sukari iwe na pembe tano: kona ya juu andika oksijeni, ya kulia kaboni 1, zunguka ukifuata saa mpaka 4, ile ya 5 inatokea nje ikishikilia 4. Besi inakaa kwa 1, fosfeti kwa 5. Ya pili ikija, fosfeti yake inashika kaboni 3 ya ile ya kwanza na waya inaendelea hivyo hivyo.

Besi ndio ziko na kazi. Adenini na guanini zina ringi mbili, zikate sentimita 6 hivi, thaimini na saitosini zina ringi moja, 4 inatosha. Ndefu inaoa fupi, kila mara, ndio upana usibadilike, ukiona ngazi imefura mahali ujue umeweka ndefu mbili. Adenini na thaimini ziunganishe na njiti 2, guanini na saitosini 3, hizo ni bondi za haidrojeni. (Na asione aibu ya katoni, Watson mwenyewe, mmoja wa waliogundua umbo la DNA, kule Cambridge 1953 alikata besi za katoni akingoja za chuma kutoka kwa mafundi.)

Upande wa pili pindua sukari zote kichwa chini, kwa sababu waya hizo mbili zinaelekea pande kinyume, na hapo ndio mimi ningekata maksi kama ningekuwa ticha.

Akiambiwa ni RNA, ile binamu ya DNA, toa waya moja, thaimini iwe yurasili, na kwa kaboni 2 ongeza OH.

Jozi 10 zinatosha raundi moja. Ukisokota, waya ya mbele ipande kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini hiyo afanyie shule, kwa matatu ya asubuhi aibebe ikiwa imelala.