Kutafuta peptidi za kushusha presha kwenye ngozi ya sato kwa kutumia kompyuta

Viwanda vya minofu ya samaki hubakiwa na ngozi, vichwa na mifupa. Ngozi ina protini ya kolajeni tele, na kolajeni ikimeng'enywa hukatika kuwa peptidi, yaani vipande vifupi vya asidi amino. Baadhi ya vipande hivyo huzuia kimeng'enya kiitwacho ACE, ambacho hugeuza angiotensini I kuwa angiotensini II, na hiyo ya pili ndiyo inayobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Dawa za presha kaptopril na lisinopril nazo huzuia ACE hiyohiyo, ila kwa nguvu kubwa zaidi.

Kolajeni moja inaweza kutoa mamia ya vipande, na kununua kila kimoja ili ukipime maabara ni kumaliza bajeti bure. Kompyuta inakusaidia kubaki na vitano au sita. Unahitaji kompyuta ya kawaida, intaneti, Excel na programu ya bure ya AutoDock Vina.

Hatua ya 1: Pata mfuatano wa protini

Fungua UniProt, hifadhidata ya mifuatano ya protini ambamo kila herufi ni asidi amino moja, andika *Oreochromis niloticus* (jina la kisayansi la sato), kisha jina la jeni la kolajeni, col1a1. Jenomu ya sato ilichapishwa mwaka 2014, kwa hiyo mifuatano haikosekani. Tatizo ni ubora wake: mingi imetabiriwa na kompyuta na haijapitiwa na mtaalamu. Angalia kama mfuatano umekamilika au ni kipande tu. Kumbuka pia kwamba kolajeni ya aina ya kwanza katika samaki wengi ina minyororo ya alfa 1, 2 na 3. Chukua yote.

Sasa kata ncha. Mfuatano wa UniProt ni wa kolajeni changa, na una vipande vya mwanzo na vya mwisho ambavyo seli huviondoa kabla kolajeni haijawa nyuzi za ngozi. Ukiviacha utapata peptidi ambazo ngozi ya samaki haina. Sehemu unayoitaka utaitambua kwa macho: G (glisini) inajirudia kila baada ya herufi mbili, ukurasa baada ya ukurasa.

Ukitaka kufanya kazi na mnofu badala ya ngozi, chukua miosini na aktini. Pavalbumini iache. Ndiyo protini inayoongoza kuwaletea watu mzio wa samaki, na sioni faida ya kuanza na tatizo hilo.

Hatua ya 2: Meng'enya

Tumia PeptideCutter ya ExPASy, au sehemu ya «Enzyme(s) action» katika BIOPEP-UWM, hifadhidata ya Chuo Kikuu cha Warmia na Mazury kule Olsztyn, Poland. Chagua pepsini ya tumboni, kisha tripsini na kimotripsini za kongosho.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo kabla ya kubonyeza chochote fanya zoezi hili kwa kalamu. Huu ni mfuatano nilioutunga kwa mfano tu:

GPAGPKGLYGPMGFR

Tripsini hukata baada ya K na R, isipokuwa P ikifuata. Kimotripsini kwa kanuni kali hukata baada ya F, Y na W, nayo pia huikwepa P. Ukitumia vyote viwili unapata:

GPAGPK, GLY, GPMGF, R

Sasa legeza kanuni ya kimotripsini ikate pia baada ya L na M, jambo ambalo kimeng'enya halisi hulifanya, ila kwa kasi ndogo:

GPAGPK, GL, Y, GPM, GF, R

GPM ni kizuizi cha ACE kilichokwisha kupatikana maabara, katika ngozi ya samaki aina ya Alaska pollock, pamoja na GPL. IC50 zao, yaani kiasi kinachozima nusu ya kazi ya kimeng'enya, ni mikromola 17.13 kwa GPM na 2.6 kwa GPL. Namba ikiwa ndogo, nguvu ni kubwa. Katika jibu la kwanza GPM imefungiwa ndani ya GPMGF. Katika jibu la pili imetoka. Protini ni ileile na vimeng'enya ni vilevile, kilichobadilika ni alama moja ya tiki kwenye skrini. Andika ulichagua nini, endesha kwa kanuni zote mbili, na zipe uzito zaidi peptidi zinazojitokeza pande zote.

Hatua ya 3: Linganisha na zinazojulikana

BIOPEP-UWM itakuonyesha vipande vyenye kazi iliyothibitishwa: kuzuia ACE, kuzuia DPP-IV inayohusika na sukari ya damu, kupambana na oksidi. Itakupa pia thamani A, ambayo ni idadi ya vipande vyenye kazi fulani ikigawanywa kwa urefu wa protini. Wanafunzi huipenda sana namba hii kwa sababu inajaza jedwali. Mimi siipi uzito, kwa kuwa inahesabu hata vipande vilivyofungiwa kama ile GPM. Angalia AE, inayohesabu vile tu ambavyo vimeng'enya vimevitoa.

Kolajeni ina mtego mwingine. Prolini nyingi katika ngozi halisi zimegeuzwa kuwa haidroksiprolini, lakini hifadhidata bado inaziandika P. Pro-Hyp (prolini ikifuatwa na haidroksiprolini), ambayo imeonekana katika damu ya watu waliokula jelatini, hutaiona kabisa kwenye orodha yako. Weka alama kwenye kila P iliyo nafasi ya tatu katika utatu unaoanza na G, kwani hiyo ndiyo inayogeuzwa mara nyingi.

Hatua ya 4: Chuja

Pitisha orodha kwenye PeptideRanker, inayokadiria uwezekano wa peptidi kuwa na kazi mwilini kwa alama kati ya 0 na 1, na ubaki na zilizozidi 0.5. Usishangae zenye F, W na G zikiongoza. Programu hiyo inazipendelea. Kisha ToxinPred kwa sumu na AllerTOP kwa mzio. Ondoa zinazojirudia.

Halafu angalia urefu. Ukuta wa utumbo una mlango wa PepT1 unaopitisha peptidi za asidi amino mbili au tatu. Ndefu zaidi hupita kwa shida, na nyingi hukatwakatwa na vimeng'enya vya ukutani kabla ya kufika kwenye damu. Peptidi ya asidi amino kumi yenye alama nzuri ni ya kutiliwa shaka kuliko GPL.

Hatua ya 5: Dokingi

Dokingi ni kukadiria kwa kompyuta jinsi peptidi inavyojishika kwenye ACE, na ndiyo kazi ya AutoDock Vina. Pakua muundo 1O86 kutoka PDB, hifadhidata ya maumbo ya protini. Ni ACE ya binadamu ikiwa imeshikana na lisinopril. Unaposafisha faili, usifute kila kisicho protini kama miongozo mingi inavyoelekeza. Maji yaondoe, lisinopril (LPR) itoe uihifadhi pembeni, lakini zinki (ZN) na kloridi (CL) zibaki. Zinki imeshikiliwa na asidi amino za ACE His383, His387 na Glu411 (namba ni nafasi yake katika mfuatano), na ndiyo moyo wa kimeng'enya. Ukiifuta, programu itakupa namba vilevile bila kulalamika, nazo hazitakuwa na maana yoyote.

Weka kisanduku, yaani eneo ambalo programu itatafuta, katikati ya mahali lisinopril ilipokuwa. Kabla ya peptidi yoyote, irudishe lisinopril yenyewe. Ikitua zaidi ya angstromu 2 kutoka mahali pake pa asili, rekebisha kisanduku, usiendelee. Ikitua vizuri, ndipo ulete peptidi zako, na uangalie kama zinagusa Gln281, Lys511, His513 na Tyr520.

Alama za Vina ni za kcal/mol, na hasi kubwa ndiyo nzuri. Ila molekuli kubwa hupata alama nzuri kwa ukubwa wake tu, kwa hiyo linganisha peptidi za urefu mmoja. Zaidi ya asidi amino tano au sita, viungo vinavyozunguka ni vingi mno na majibu hubadilika kila ukirudia.

Hatua ya 6: Peleka maabara

Agiza peptidi tano bora na moja ambayo kompyuta imeikataa. Kipimo cha kawaida hutumia HHL (hipuril-histidil-leusini) kama chakula cha ACE, yaani kitu inachokikata, na kupima asidi hipuriki inayotoka, kwa mwanga wa nanomita 228, kaptopril ikiwa kigezo.

Pima kila peptidi mara mbili: ikiwa mpya, na baada ya kuiacha pamoja na ACE kwa saa kadhaa. Nyingine hukatwa na ACE na kupoteza nguvu. Nyingine huamka. LKPNM, iliyopatikana katika katsuobushi, samaki wa Kijapani wa jamii ya jodari anayekaushwa kwa moshi, ina IC50 ya mikromola 2.4, lakini ACE ikiikata kuwa LKP inashuka hadi 0.32. Dokingi haitakuonyesha hilo, kwa sababu katika hesabu zake ACE haikati kitu.