Maelezo ya kulabu za kuhifadhi faili katika Emacs: namna ya kuyaandika yakaeleweka

Kulabu (hook) ni orodha ya fanksheni ambazo Emacs, programu ya kuhariri maandishi, huziita yenyewe tukio fulani linapofika, kama vile kuhifadhi faili. Maelezo mengi ya kulabu hizi huishia kwenye sentensi moja: "Huendeshwa kabla ya faili kuhifadhiwa." Ni kweli, ila karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Tandahimba anayetaka orodha yake ya mizani isafishwe kila anapobonyeza C-x C-s (Ctrl-x kisha Ctrl-s, amri ya kuhifadhi) bado hajui fanksheni yake aiweke wapi, itagusa mafaili gani, wala ikigoma itakuwaje. Hayo ndiyo ya kujibu, uwe unawaandikia wenzako ofisini au unarekebisha maelezo ya Emacs yenyewe.

Jaribu kwanza, uandike baadaye. Fungua kwa `emacs -Q` ili mipangilio yako binafsi isiingilie, kisha bonyeza C-h v na uandike `before-save-hook`. Maelezo yamo ndani ya programu, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami. Weka kulabu isiyobadilisha kitu:

```
(add-hook 'before-save-hook
          (lambda () (message "kabla: %s" (buffer-name))))
```

Andika neno kwenye faili, hifadhi, kisha soma bafa (maandishi yaliyofunguliwa ndani ya Emacs) ya `*Messages*`. Hifadhi tena bila kubadilisha herufi: kulabu iko kimya. Emacs ikiona bafa haijabadilika haiendeshi kulabu yoyote, na hapo ndipo yanapoanzia malalamiko mengi ya "kulabu yangu haifanyi kazi". Liandike wazi, na utaje kuwa C-u M-~ (M ni kitufe cha Alt) huilazimisha bafa ihesabiwe kuwa imebadilika. Taja pia kwamba hifadhi ya dharura, ile inayotengeneza faili lenye alama ya # mwanzo na mwisho wa jina, haipiti hapa. Yenyewe ina `auto-save-hook`.

Sasa penye hatari. Fanksheni za `before-save-hook` hazipewi hoja (argument) yoyote, na zinachorudisha hakijaliwi. Za `write-file-functions`, kulabu nyingine inayoitwa faili linapotaka kuandikwa, nazo hazipewi hoja, lakini zinachorudisha ndicho kinachoamua: ya kwanza kurudisha kitu kisicho `nil` (thamani ya "hakuna"), Emacs inahesabu kuwa faili limekwisha kuandikwa. Zinazofuata haziitwi, na diski haiguswi. Tazama hii:

```
(defun safisha-orodha ()
  (delete-trailing-whitespace)
  (message "Imesafishwa"))
```

Kwenye `before-save-hook` haina tatizo. Iweke kwenye `write-file-functions`, na `message` inarudisha maandishi yake, ambayo si `nil`. Karani anaona "Imesafishwa" chini ya skrini, anafunga mashine, na magunia ya leo hayamo kwenye faili. Hakuna ujumbe wa kosa, na `after-save-hook` inaendeshwa kama kawaida. Dawa ni kuweka `nil` mstari wa mwisho. `delete-trailing-whitespace` yenyewe inarudisha `nil` kwa makusudi hayohayo. Na fanksheni ikiamua kweli kuandika faili yenyewe, basi nakala ya akiba nayo ni jukumu lake: `(or buffer-backed-up (backup-buffer))`. Kama una nafasi ya mfano mmoja tu kwenye maelezo yako, uwe huu.

Kinachofuata ni mipaka. `add-hook` bila `t` kwenye hoja ya nne huweka kulabu kwa kila faili utakalofungua:

```
(add-hook 'before-save-hook #'safisha-orodha nil t)
```

`nil` hapo ni ya mpangilio, `t` ni ya "bafa hii tu". Onyesha madhara kwa faili halisi. Orodha yenye safu tano zilizotenganishwa kwa Tab (tarehe, kijiji, magunia, kilo, maoni), safu ya maoni ikiwa tupu, kila mstari unaishia na Tab. Usafishaji unaila, mstari unabaki na safu nne, na programu inayosoma orodha hiyo inaweza kuukataa. Markdown nako nafasi mbili za mwisho wa mstari ni agizo la kukata mstari, nazo zinafutwa.

Kwa `after-save-hook`, sentensi moja inatosha: ikibadilisha bafa, mabadiliko hayo hayamo kwenye faili lililokwisha kuandikwa.

Kuhusu makosa usikisie. Weka `(error "jaribio")` kwenye kila kulabu kwa zamu, hifadhi, kisha angalia diski kwa `ls -l`. Andika ulichokiona pamoja na namba ya toleo kutoka `M-x emacs-version`.

Maelezo ya kulabu hizi yamo kwenye `files.el`. Mstari wa kwanza uwe sentensi kamili inayojitosheleza, kwa kuwa baadhi ya amri za msaada huonyesha huo peke yake. Suala la kinachorudishwa lifuate hapohapo, lisizikwe mwishoni. Pitisha `M-x checkdoc`, inayokagua mtindo wa maelezo, kisha tuma pendekezo kwa `M-x report-emacs-bug`, ukiambatanisha maneno ya zamani, maneno mapya, na jaribio fupi ambalo mpokeaji anaweza kulirudia kwa `emacs -Q`.