Kabla hujaingia kwenye mfumo wa mauzo, jaribu kutoka

Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Kwa miaka mitatu nilitumia mfumo wa mauzo, yaani programu ya kuandika mauzo na madeni ya duka, ambao kijana wa kampuni aliniapia: "Uko wazi, mama, data ni yako." Nilipotaka kuhama wakanipa PDF ya kurasa 214. Binti wa kaka yangu alikesha wikiendi mbili akinakili madeni ya wateja, moja moja. Kwa hiyo jaribu kutoa data yako ukiwa bado kwenye siku za bure za kujaribu mfumo.

Ingiza bidhaa kumi, wateja watatu na deni moja lililolipwa nusu. Kisha toa vyote mwenyewe, bila kumpigia mtu simu. Dai faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu ambalo mifumo mingi inaweza kulisoma. PDF ni kama picha ya daftari, mfumo mwingine hauwezi kuipokea. Faili la CSV lifungue kwa LibreOffice, programu ya majedwali ya bure. Anza na lile deni: linaonyesha malipo ya kwanza na tarehe yake, au salio tupu? Mimi nilipewa salio tupu, mteja wa Mbagala akabisha, nikakosa cha kumwonyesha. Ukiona 0754 imekuwa 754, data haijaharibika. Programu imeisoma kama hesabu. Fungua faili upya, safu ya simu uiweke kuwa maandishi.

Kama kitufe cha kutoa data kipo kwenye kifurushi cha bei ya juu tu, achana nao.

Neno "wazi" lisikulaze, hata likitoka kwa wakubwa. Mwaka 2010 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alitangaza jukwaani kwamba FaceTime, huduma yao ya simu za video, itakuwa kiwango huria, yaani kampuni zote zingeweza kuitumia. Mpaka leo haijawa. Msimbo wa Android, mfumo wa simu wa Google, uko wazi kweli, lakini mwaka 2018 Tume ya Ulaya, inayosimamia ushindani wa biashara huko, iliitoza Google faini ya yuro bilioni 4.34, ambayo mahakama iliipunguza kidogo mwaka 2022. Kosa mojawapo: mtengenezaji wa simu aliyetaka Play Store, duka la programu la Google, alilazimishwa kuweka na Chrome, kivinjari chao, pia. Inaniuma, maana wanaohubiri ushindani ndio hao hao wanaofunga mlango.

Mwulize muuzaji, akujibu kwa maandishi: nikiacha kulipa, data yangu nitaisoma kwa siku ngapi? Tangu 2017 Mtanzania anahama mtandao wa simu na namba yake. Kwa nini madeni ya duka langu yasihame?

Hata mfumo ukifaulu, usilale. Kila Jumamosi kabla ya kufunga duka natoa faili, naliweka kwenye flashi, naenda nayo nyumbani Temeke.