Kurejesha Uangavu wa Taa za Mbele za Gari Nyumbani

Taa za mbele za magari mengi tunayoyaendesha, kama Toyota Vitz, IST na Premio yanayoletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, hazina kioo. Zimefunikwa kwa plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, ambayo kiwandani hupakwa utando mwembamba wa kuikinga na jua. Utando huo ukiliwa na jua miaka nenda miaka rudi, taa hugeuka manjano na kufifia kama jicho lenye mtoto wa jicho, na dereva hudhani balbu zimechoka, akanunua mpya, barabara ikabaki na giza lilelile.

Kwanza imwagie taa maji. Ikionekana angavu ikiwa imelowa, ubovu uko kwa nje na msasa utauondoa. Ukiona matone ya maji kwa ndani, tatizo ni mpira wa kuziba, na hilo ni kazi nyingine.

Osha taa kwa sabuni, kisha uzungushie rangi ya bodi tepu ya karatasi, tabaka mbili, kwa kuwa msasa ukiteleza mara moja tu unaacha alama kwenye rangi. Chukua msasa wa maji namba 800, uuloweke kwa dakika kumi, usugue kwa mlalo huku ukimwagia maji bila kukoma. Maji yatatiririka yakiwa na umanjano mwanzoni. Endelea mpaka yawe meupe kama maziwa na taa yote iwe na ufifi wa namna moja, bila kisiwa chochote cha utando wa zamani. Ingia namba 1500 ukisugua kwa wima, ili uone waziwazi iwapo michirizi ya mlalo imekwisha, kisha umalizie na 2000.

Wengi huishia hapo, wakang'arisha kwa dawa ya meno au kompaundi na kuridhika. Taa hupendeza kweli, lakini plastiki imebaki uchi, na baada ya miezi michache umanjano hurudi. Kwa maoni yangu, anayekusudia kusugua bila kupaka kinga ni heri aiache taa ilivyo.

Kinga hiyo ni vanishi angavu ya magari inayostahimili jua, ambayo mafundi rangi huiita kliya. Futa taa kwa spiriti na kitambaa safi. Usitumie petroli wala thina, kwani huipasua polikaboneti nyufa ndogondogo zisizotibika. Vaa barakoa, simama kivulini pasipo vumbi, upulize tabaka mbili au tatu nyembamba, ukingoja dakika kumi kati ya moja na nyingine. Tabaka la kwanza litaufuta ufifi wa msasa mbele ya macho yako. Usishawishike kuongeza, maana kliya nzito huchuruzika. Bandua tepu kliya ikiwa ingali mbichi kidogo, na gari lisioshwe kwa saa 24.