SOMO: Kupunguza aina za boliti stooni bila kusimamisha kazi

Naandika mara moja. Anayeuliza tena faragha nitamrudisha hapa. Aina zikipungua, akiba ya tahadhari (ziada inayokaa stooni matumizi yakipanda ghafla) nayo hupungua. Mfano ni boliti kwa sababu ndizo zinazozaana stooni kuliko kitu kingine. Beringi na mikanda ni utaratibu uleule.

Hatua ya 1. Toa orodha ya namba zote za bidhaa na matumizi ya miezi 12.

Hatua ya 2. Panga kwa kipenyo, kisha urefu.

Hatua ya 3. Pima kwa mkono. Usiamini jina. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuta namba tatu, zote zimeandikwa "boliti M10 x 40", yaani kipenyo milimita 10, urefu milimita 40. Nikaziunganisha, nikamimina maboksi yote kwenye pipa moja, nikajiona mjanja. Siku ya tatu fundi ananiletea nati imeingia mizunguko miwili ikagoma. Boliti moja nafasi ya uzi hadi uzi ilikuwa milimita 1.5, nyingine 1.25. Hiyo afadhali, inajisema yenyewe. Ya tatu uzi ulikuwa sawa na wa ile ya kwanza, ila daraja, yaani nguvu ya chuma chake, ni 8.8 wakati wenzake ni 10.9, yenye nguvu zaidi. Hiyo haisemi kitu: inaingia, inakaza, halafu inakatika mashine ikiwa kazini. Tulifungua mashine zilizokwisha kufungwa na kuchambua pipa zima, boliti moja moja, tukisoma namba ya daraja iliyogongwa kwenye kichwa cha boliti.

Kwa hiyo andika kipenyo, uzi, urefu, daraja na mipako. Urefu wa boliti ya kichwa cha pembe sita huanzia chini ya kichwa. Ile ya kichwa cha kuzama hupimwa pamoja na kichwa. USIMIMINE CHOCHOTE kabla ya kumaliza hatua hii.

Hatua ya 4. Chagua zinazobaki, mbunifu asaini. Ukiweka ya 40 palipokuwa na ya 35, na tundu halijatoboka upande wa pili, itagonga chini: spana inahisi imekaza, kumbe haijabana kitu.

Hatua ya 5. Zilizoachwa zifungie manunuzi, usizifute. Rekebisha michoro, stoki iishe yenyewe.

Hatua ya 6. Namba mpya isifunguliwe bila maelezo kwa nini zilizopo hazifai. Ukiruka hii, utalirudia somo lote.

MASWALI

Kijana wa Laini: Mkuu, naweza kuweka 8.8 palipoandikwa 10.9? Si zinafanana?
— Hapana. Hatua ya 3.

Kijana wa Laini: Sijaona ulipokataza.
— "Inakatika mashine ikiwa kazini." Ulitaka niiandike kwa rangi gani?

Mpenda Hesabu: Matumizi ya jumla ni yaleyale. Sasa akiba ya tahadhari inapunguaje?
— Swali nimelipenda. Chukua aina mbili zinazoyumba sawa, kila moja ina akiba ya 100, jumla 200. Ukiziunganisha, na kila moja inayumba kivyake bila kufuata nyingine, kuna nyakati moja ikipanda nyingine imeshuka, zinafidiana. Unahitaji 100 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani 141 hivi. Lakini kama zote mbili hupanda na kushuka pamoja, hupati kitu.

Mpenda Hesabu: Na ukubwa wa kubakiza unachaguliwaje? Kwa kukisia?
— Kuna mfululizo wa namba za kuchagulia ukubwa, wa Charles Renard, mhandisi wa jeshi la Ufaransa wa karne ya 19. Inasimuliwa kwamba kamba za maputo zilikuwa aina 425, akazishusha hadi 17. Mfululizo mfupi ni 10, 16, 25, 40, 63, 100. Kila namba ni kama mara 1.6 ya iliyotangulia. Unafaa sana kwa matangi, mota na vifungashio. Boliti zina orodha yake tayari, usibuni.

Dada Stoo: Sisi tuna ubao mlangoni wenye nati za kila uzi. Boliti ikiwa na utata unaijaribisha pale kwa vidole.
— Asante dada, nauiba. Ongezeni na spana mbili zining'inie hapo: kichwa cha M10 ya DIN (viwango vya Ujerumani) kinataka spana ya 17, cha ISO (viwango vya kimataifa) 16. Zikichanganyika kwenye boksi moja fundi atawatukana kutwa.